Hesabu za Kugawa

Elfu kumi na mbili, gawanya kwa mia moja na arubaini.
Niliifanya kichwani, nimesimama dirisha la bima,
kijana bado akitafuta kikokotoo:
themanini na tano, baki mia.
Nikamwambia, usihangaike, mwanangu,
mwaka wangu unakwisha tarehe ishirini na sita Machi.

Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kizee.

Miaka thelathini na mmoja walikata mshahara
kabla sijauona.
Darasa la sita, Langoni, watoto hamsini na saba na chaki moja,
na kila mwisho wa mwezi kwenye hati neno lile, BIMA,
kama mtoro katika rejista:
huitwa kila siku, haitikii.

Kadi inalipa kitanda. Inalipa dripu.
Nikizimia italipa hata boti ya kunivusha Mokowe.
Kidonge kinachonizuia nisizimie,
hicho ndicho chenye kikomo.
"Kwa hiyo nianguke kwanza?"
Akaitazama skrini kana kwamba jibu limo humo.
"Ndivyo mfumo ulivyo, mama."

Twalib wa duka la dawa nilimpiga rula mbili
mwaka ule alioandika kuwa nusu ya nusu ni moja.
Sasa ana koti jeupe, ana miwani,
ana wembe mpya ungali ndani ya karatasi yake.
"Mwalimu, yeo twakata?"
"Twakata."
Anakiweka kidonge juu ya kigae, anapima kwa jicho:
kipande kikubwa, kipande kidogo,
na unga.
Huo unga sikuwahi kuufundisha.
Ubaoni kwangu nusu mbili zilirudi kuwa moja
na hakuna kilichobaki kwenye wembe.
Anaukusanya kwa ncha ya kidole, ananitilia kiganjani.
"Ulambe. Umeshaulipia."

Jirani yangu Mwanakheri alimeza dawa za marehemu.
Mumewe alimwachia boksi moja na nusu, presha ile ile, rangi ile ile.
Eda ikaisha, na vidonge vikaisha,
wiki moja.
Akatoka na buibui jipya, akanyoosha moja kwa moja kwa Twalib
kuuliza bei, akarudi ndani.

Punda wa Shekue akikohoa hupelekwa kliniki yao.
Haulizwi kadi wala umri.
Juzi nilimpisha kichochoroni, mguu umefungwa bendeji safi.
Nilimwamkia.

Vipande navipanga kwenye kidaka
alipokuwa mama akiweka sahani zake za Kichina.
Fundi wa ukuta huu aliacha pengo makusudi
ili kitu kipate pa kukaa.
Pengo la bima nimelichungulia mpaka nyuma.
Hakuna hata vumbi la sahani.

Usiku narudia hesabu, ugonjwa wa kazi.
Mwaka, toa themanini na tano:
siku mia mbili na themanini.
Nikaketi kitandani. Nazijua siku hizi.
Wakunga wote wanazijua.
Nimezibeba mara nne, miguu imevimba, ngazi za mawe hizi hizi,
na katika wanangu hakuna niliyembeba siku moja
nikaruka ya pili.
Sasa mimba ni mimi,
na ninajibeba kwa nusu.

Leo ishirini na saba. Nimerudi dirishani.
"Mama, za mwaka huu umemaliza."
"Najua. Nimefuata baki. Ile mia."
"Hiyo haitoshi dawa ya siku."
"Sikuuliza inatosha nini. Nimeuliza ni ya nani."
Anabonyeza. Anabonyeza tena.
Nyuma yangu foleni inarefuka, bakora na vikohozi,
mtu anasema, mwacheni, huyo alinisomesha.
Sina haraka.
Nilimngoja Twalib muhula mzima.
Kalamu nyekundu ninayo mkobani.